Bi Ghaniya binti Sinan, Aliyerudi Nyumbani kwa Kubebwa

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mama zangu, dada zangu na wanangu mliokaa huku upande wa wanawake, na nyinyi waheshimiwa wanaume mlioko sabla, hiyo baraza ya nje, mnaonisikia kwa kipaza sauti hiki, ambacho kilifungwa kwa ajili ya mawaidha na mimi nimeomba kisizimwe. Jina langu ni Ahlam binti Sinan, mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake leo Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2024, siku ya tatu ya azaa, matanga yake, hapa Ibra, katika nyumba aliyoijenga baba yetu na ambayo sasa ni ya kaka yetu mkubwa, Khattab bin Sinan. Kaka ameniagiza nisome kuzaliwa, skuli, kazi, ndoa, watoto, maradhi na kifo, nisizidishe neno. Nitafuata mpango huo huo, na likizidi neno, basi mjue ni maisha yenyewe yaliyozidi.

Marehemu Bi Ghaniya alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, Unguja mjini, mtaa wa Malindi, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Sinan na Bi Shaikha, kati ya watoto watatu, Khattab akiwa wa kwanza na mimi kitindamimba. Alianza skuli hapo hapo Unguja, akaikatiza mwaka 1964 tulipoondoka na nguo tulizovaa, akaendelea Mombasa kwa shangazi yetu mpaka akamaliza sekondari mwaka 1971, na mwaka uliofuata akapata nafasi ya kwenda Cairo, ambako alisoma tarikh, yaani historia, ya kale kuanzia mwaka 1972 mpaka 1976. Huko ndiko alikojifunza Kiebrania, na huko ndiko alikoandika utafiti wake juu ya zama za waamuzi wa Bani Israil, jambo ambalo marehemu baba alipolisikia alishika kichwa akamuuliza kama duniani hakukuona kitu kingine cha kusoma.

Najua wengi wenu mlikuwa mkimwita kwa hilo, nyuma ya mgongo wake, Bi Ghaniya wa Mayahudi. Yeye alijua pia, na hakuwahi kuwajibu, lakini mimi nitawajibu leo kwa sababu hayupo kunizuia. Mwanamke yule hajaacha sala tangu utotoni, alikuwa akihitimisha Kurani kila mwezi, na alichokisoma ni kisa cha watu wale wale mnaowasikia kila mnapofungua msahafu, waliobaki baada ya Nabii Musa na baada ya Yusha bin Nuni, kabla hawajapewa Taluti awe mfalme wao. Katika zama hizo hapakuwa na sultani wala askari, kila ukoo ulikaa na visima vyake na mbuzi wake, na walipofikwa na msiba walimlilia Mungu, naye akawainulia mtu mmoja wa kuwaamua na kuwaongoza, wakatulia, wakala, wakashiba, kisha wakamsahau yule mtu na mafunzo yake, mpaka msiba mwingine uwafike. Dada alikuwa akisema kwamba Waarabu, Waswahili na Mayahudi wote wameumbwa kwa udongo huo huo wa kusahau, na mkitaka ushahidi hamna haja ya kwenda Cairo.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa Septemba 1976 kuwa mwalimu wa tarikh katika skuli ya wasichana hapa Ibra, ambako wazee wetu walikuwa wameshahamia, na baadhi ya mabibi ninaowaona mbele yangu na miwani yao walikuwa wanafunzi wake, wakihamishwa dawati kwa kuongea. Mwaka 1988 alihamishiwa Nizwa kufundisha walimu, akakaa huko mpaka alipostaafu Juni 2008, na Nizwa ikawa ndiyo nyumbani kwake. Lakini alikuwa na kazi nyingine ambayo haina mshahara wala cheti, nayo ni kazi ya kuwaamua nyinyi. Mwaka 1994 jamaa zetu wa Jalan Bani Bu Ali walipogombania zamu ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, mpaka wakatoana damu, waliitwa wazee, wakashindwa, akaitwa yeye, akakaa nao siku mbili mitende ikiwa inakauka, na maji yakapita. Mwaka 2003 ndugu wa mji wa Adam walipokuwa hawasalimiani hata msikitini, akaitwa yeye. Mke akirudishwa kwao, anaitwa Ghaniya, watoto wakigombea nyumba, anaitwa Ghaniya, na harusi ikifika, kadi ya Ghaniya inapotea njiani.

Na mlikuwa mkimwendea vipi? Wanaume wazima, wenye fimbo zao na vilemba vyao vya sherehe, walikuwa wakiingia kwake kwa mlango wa jikoni ili majirani wasione kwamba mashauri yao yanaamuliwa na mwanamke. Miongoni mwa waamuzi wale wa kale alikuwepo mwanamke mmoja, Debora, aliyekuwa akikaa chini ya mtende wake hadharani na watu wakimpandia mlimani, na dada alikuwa akicheka akisema kwamba mwenzake alipewa mtende, yeye amepewa jiko lenye kiyoyozi kinachovuja. Alicheka yeye. Mimi sikuwahi kuona la kuchekesha.

Marehemu aliolewa tarehe 20 Disemba 1979 na Bwana Abdullatif, mfamasia, mtu wa Adam, mpole kupita kiasi, ambaye mwezi wa kwanza tu wa ndoa aligundua kwamba mkewe anaunguza wali kwa kusoma huku anapika, akalichukua jiko yeye mwenyewe bila ya kelele na hakulirudisha tena. Waliishi kwa mapenzi ya kuonewa wivu mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua tarehe 3 Mei 2011. Hawakujaaliwa kuzaa.

Hata hivyo, kwenye kipengele cha watoto sitosoma kwamba hakuwa na mtoto, ingawa karatasi niliyokabidhiwa jana imeandikwa hivyo. Alikuwa naye. Tarehe 8 Februari 1992 mke wa kwanza wa kaka Khattab, marehemu Fawziya, alijifungua mtoto wa kike akafariki siku hiyo hiyo, na kaka, ambaye alikuwa na msiba mzito na simlaumu kwa hilo, alimchukua mtoto akiwa bado hajatimiza arubaini akamweka mapajani kwa Ghaniya, akamwambia huyu ni wako. Mtoto huyo ni Shatha. Bi Ghaniya alimlea Nizwa, akamsomesha, akakesha naye kwa homa, akamfunza kusoma, akamfunza na kubisha, mpaka akawa muuguzi, na Shatha hakumjua mama mwingine duniani.

Sasa nafika mahali ambapo kaka aliniomba niruke, na mahali hapo siruki, maana nikiruka nitakuwa nimesoma historia ya mtu mwingine.

Mwaka 2016 kaka Khattab alikuwa Jalan Bani Bu Ali kwa rafiki yake mmoja wa biashara, na kwenye kahawa, mbele ya watu, akafungua mdomo akamwahidi kwamba Shatha ataolewa na mwanawe. Hakumuuliza Shatha, hakumuuliza aliyemlea. Shatha wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, anafanya kazi Ashkhara, na tayari alikuwa amepeleka habari kwa wakubwa kwamba anataka kuolewa na Adil, mwalimu wa huko Ashkhara, mtoto wa watu, msomi, asiye na ila yoyote ila kwamba hakuchaguliwa na Khattab. Mtoto akakataa, na kaka, kwa mkono wake mwenyewe, akampigia simu Bi Ghaniya aje aamue. Nataka hili lieleweke vizuri huko sabla: hakujiingiza, aliitwa, na aliitwa na yeye.

Alikuja Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2016, baada ya sala, akakaa hapa nilipo mimi sasa, akamsikiliza kaka, akamsikiliza Shatha, kisha akasema kwamba ahadi ya mtu ni kwa kilicho chake, na shingo ya binti si mali ya baba yake hata awakirimu nayo watu wa kahawa, kwa hivyo ahadi ile haipo na Shatha aolewe na anayemtaka. Kaka Khattab akasimama, uso umemwiva, akasema mbele yetu sote, nami nilikuwepo: "Wallahi, Shatha na Ghaniya hawatoingia tena mlango wa nyumba hii kwa miguu yao, maadamu mimi ni hai." Mama yetu akapiga ukelele. Bi Ghaniya alikwenda pale mlangoni akavaa viatu vyake taratibu, akamgeukia akamwambia, "Khattab, ndugu yangu, kiapo cha hasira kina dawa yake, walishe masikini kumi, mimi na wewe tule pamoja wiki ijayo." Akatoka na mtoto wake.

Wangapi hapa hawajui dawa hiyo? Watoto wa madrasa wanaijua. Mtu akiapa kwa pupa kisha akaona kheri iko upande wa pili, dini yetu imemwekea kafara, alishe masikini kumi chakula cha kawaida anachowalisha watu wake, akiwa hana basi afunge siku tatu, na aifuate ile kheri. Sahani kumi za wali. Kaka yetu analisha wageni zaidi ya hao kila Alhamisi. Lakini alisema yeye hakukosea, kwa hivyo hana la kutolea kafara, na kwamba mwanamume hamezi mate aliyoyatema.

Dada alikuwa akifundisha habari ya mmoja wa waamuzi wale, jina lake Yeftha, aliyeapa kabla ya vita kwamba akirudi na ushindi atamtoa sadaka wa kwanza kutoka nyumbani kwake kumlaki, na aliyetoka alikuwa bintiye wa pekee, akicheza na kupiga matari. Wanafunzi walikuwa wakimuuliza kila mwaka kwa nini baba yule asijirudi, naye alikuwa akiwajibu kwamba wako watu wanaoona aibu mbele ya maneno yao wenyewe kuliko mbele ya damu yao. Baada ya Oktoba ile aliacha kufundisha kisa hicho hata kwa wanawake waliokuwa wakija nyumbani kwake kusoma, na alipoulizwa alisema kimemkaribia sana.

Shatha aliozeshwa na kadhi, kwa amri ya mahakama, Sur, tarehe 2 Machi 2017, baba yake akiwa hai na mzima wa afya, na leo ana binti wa miaka mitano, Arwa, ambaye hajawahi kuona sebule ya babu yake. Bi Ghaniya alimtumia kaka ujumbe mara nyingi. Mwaka 2018 alipika yeye mwenyewe sahani kumi, kwa mkono ule ule unaounguza wali, akataka kuzigawa kwa niaba ya ndugu yake, akaambiwa na sheikh kwamba kafara ni ibada, haifai mpaka mwenye kiapo akubali na anuie. Akampigia simu kaka, akamwambia, "Sema tu nimekubali, chakula kipo, mimi nitakigawa, na hapana atakayejua." Simu ikakatwa.

Kila Ijumaa marehemu alikuwa akitoka Nizwa kuja Ibra kumtazama mama, na kwa kuwa mlango umefungwa kwa kiapo, tulikuwa tukimtoa mama kwa kiti chake cha magurudumu, mwanamke wa miaka themanini na kitu, tukimsukuma mpaka nje ya geti kwenye jua, akaingizwa garini kwa binti yake, wakakaa humo wakila halua na kushikana mikono. Mama alipofariki tarehe 19 Januari 2019, Bi Ghaniya hakumwosha mama yake, hakukaa kwenye azaa ya mama yake, alisimama barabarani mpaka jeneza likatoka, tukalisimamisha kidogo akaweka mkono juu ya sanda, likaondoka. Nyinyi wote mlipita pale mkampa pole kwa dirisha la gari, kisha mkaingia ndani mkala. Watu wale wale aliowaamua jikoni, hakuna hata mmoja aliyemwambia Khattab, mzee, hili si jambo.

Kuhusu maradhi, marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo Februari 2023, akatibiwa Muscat, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, kisha ikarudi mwezi wa Julai mwaka huu, akalazwa Nizwa. Shatha alichukua likizo bila malipo, akaja na mtoto wake, akamuuguza mama yake kwa mikono yake. Kaka alituma vikapu vya matunda, vizuri, vimefungwa utepe. Yeye hakuja. Kaka, nakuuliza mbele ya watu kwa sababu faraghani umenikimbia: kiapo chako kilikuwa juu ya mlango wako, hakikuwa juu ya mlango wa hospitali, basi ni nini kilichokuzuia?

Marehemu hakuusia mengi. Alitaka azikwe Ibra karibu na wazee wetu, na alitaka jambo moja jingine, alilisema akiwa na akili zake timamu, tukiwepo mimi, Shatha na muuguzi wa zamu, kwamba Shatha akae ndani kwenye azaa yake, akae na watu, apewe mkono na pole kama mtoto wa maiti, asikae barabarani kama alivyokaa yeye kwa mama. Aliiaga dunia Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa Shatha, na shahada ikiwa mdomoni mwake.

Kaka Khattab akatangaza kwamba maiti ni wetu, atatoka kwetu. Mageti yote mawili yakafunguliwa, na dada yangu akaingia nyumba hii baada ya miaka minane, akiwa amebebwa. Nilipomtazama kaka usoni, alinieleza kwa sauti ndogo kwamba kiapo kilisema kwa miguu yao, na huyu haingii kwa miguu yake. Mungu ananisikia, nilitaka kumrukia.

Na Shatha je? Shatha yuko nje ya geti tangu juzi, ndani ya gari la mumewe, na Arwa amelala kiti cha nyuma. Jana baada ya Alasiri jamaa yetu mmoja, mtu wa elimu yake, simtaji, alikuja na ufumbuzi. Alisema kitolewe stoo kile kiti cha magurudumu cha marehemu mama, Shatha akalishwe juu yake, asukumwe mpaka ndani, miguu isiguse kizingiti, na hivyo kiapo kitabaki kizima na wasia utatimizwa. Wanaume sabla wakasema mashallah. Kaka akatikisa kichwa kukubali. Mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mzima wa miguu, mama wa mtu, asukumwe kama gunia la mchele kwenye azaa ya mama yake ili babake asione haya!

Shatha alikataa, na alivyokataa ni kama nimemsikia Ghaniya. Zama zile za waamuzi zilimalizika hivyo hivyo. Makabila yaliapa kwamba hayatowaoza binti zao watu wa kabila la Benyamini, kisha yakajuta, na badala ya kukitengua kiapo wakatafuta hila, wakawaambia vijana wa Benyamini wajifiche kwenye mashamba ya mizabibu, wasichana wakitoka kucheza ngoma kila mmoja akamate wake, ili isemekane kwamba hawakuozwa, wamechukuliwa. Dada alikuwa akilifundisha somo hilo, na maneno yake wanafunzi wake mnayakumbuka, kwamba walishindwa kuvunja kiapo, wakawavunja wasichana.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Muscat na Nizwa, waliomhudumia kama mama yao, majirani wa Nizwa waliokuwa wakipika zamu kwa zamu na kumfulia, walimu wenzake waliokodi basi kuja kumzika, wanawake waliomwosha na kumkafini, na Adil, mume wa Shatha, aliyeendesha gari kutoka Ashkhara mpaka Nizwa kila mwisho wa wiki bila kulalamika, na ambaye leo, mkwe wa nyumba hii, amesimama juani. Namshukuru na kaka yangu Khattab kwa chakula hiki, maana amechinja ng'ombe wawili, na kwa siku tatu sufuria hazijateremka motoni, na wamelishwa mamia, matajiri wenye magari yao, na masikini pia, ambao wamejipanga nyuma ya jiko na sahani zao na wengine bado wapo.

Basi ndugu yangu, masikini kumi wako pale, wameshapakuliwa, na wali ni wako. Iliyokosekana ni nia yako peke yake, na hiyo hapana mtu anayeweza kukupikia.

Dada Ghaniya, Mola akupe makao mema na akupumzishe na sisi, tumekuchosha vya kutosha. Mimi nimemaliza kusoma. Nipisheni nivae viatu vyangu, nakwenda kukaa na mfiwa.